Barafu, lambalamba na aiskrimu Tabora wakati wa joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza barafu nyumbani kwangu Ng'ambo, mtaa wa hapa Tabora, na kuziuza dirishani. Maswali haya naulizwa na wateja, na wazazi wanaotuma watoto, na kina mama wanaotaka kuanza biashara kama yangu. Nimeanza na yale ya kila siku, nikamalizia na yale yanayokuja mara mojamoja. Pale ambapo jibu lipo kwenye swali jingine, nimetaja namba yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Joto la Tabora linakolea lini hasa?

Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijafungua. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na Juni na Julai asubuhi huwa na baridi ya kuvaa sweta. Mji uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku mtu unapumua. Mchana wa Oktoba ndio kazi: joto linapita nyuzi 30, nyasi zimekauka, na saa nane jua linakuwa kali hata mbwa wanagombea kivuli cha mwembe.

2. Barafu, lambalamba na aiskrimu zina tofauti gani?

Barafu ni juisi au maziwa yaliyotiwa sukari, yakafungwa kwenye kifuko chembamba kirefu na kugandishwa. Unang'ata kona ya kifuko, unanyonya. Lambalamba ni ile ya kijiti, inayopita mtaani kwenye baiskeli iliyofungwa deli nyuma, yaani sanduku la kutunza baridi. Aiskrimu ni ya maziwa yenye mafuta, na hupigwapigwa wakati inaganda ili hewa iingie. Hewa hiyo ndiyo inayoifanya iwe laini ulimini.

Koni ya mashine ni aiskrimu pia, ila inatolewa ikiwa haijaganda sana, kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, ndiyo maana inaanza kuchuruzika mkononi kabla hujavuka barabara. Ya kwenye friza la duka inatunzwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

3. Nitazipata wapi mjini?

Karibu na lango la shule yoyote mchana, utakuta mtu na deli. Stendi na sokoni pia zipo. Aiskrimu za kiwandani zipo kwenye maduka yenye friza la kioo. Lakini barafu nzuri ziko majumbani: tafuta mlango au ubao ulioandikwa kwa chaki "Barafu zipo". Piga hodi, uliza ya leo ni ya nini.

4. Bei yake ikoje?

Mimi nauza ya ukwaju au ubuyu kwa shilingi 100, ya maziwa au embe kwa 200. Kwingine hutofautiana kwa ukubwa wa kifuko. Koni na lambalamba za kiwandani ziko juu zaidi.

## Ladha

5. Ni ladha gani ambayo mgeni asiondoke Tabora bila kuonja?

Embe, na asali. Nitaeleza moja moja.

Mji wetu ni wa miembe. Wazee husema mingi ilianza na mbegu zilizotupwa na watu wa misafara ya biashara ya zamani walipokuwa wakipumzika hapa kabla ya kuendelea Ujiji au kurudi pwani. Maembe yanaanza kuiva joto likiwa bado limekaza na yanajaa mvua zikishaanza, na kwa wiki kadhaa yanakuwa mengi hadi yanaoza chini ya miti. Hayo ndiyo ya kugandisha. Embe la kienyeji lina nyuzi nyingi lakini harufu yake hailingani na ya embe kubwa la kununua. Likamue kwa mkono, upitishe kwenye chujio, utie ndimu kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Barafu yake huwa ya rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na ukiifungua, chumba kizima kinajua.

Asali ya Tabora inatoka kwenye misitu ya miombo, ni nyeusinyeusi na ina ukali wa moshi na maua. Kwenye barafu ya maziwa inafanya kazi mbili: inatia ladha, na inazuia isigande kama jiwe (sababu iko kwenye swali la 13). Itie maziwa yakiwa ya uvuguvugu, si ya kuchemka, harufu isipotee. Na kwa kuwa asali ni tamu kuliko sukari, palipotakiwa vijiko vinne vya sukari weka vitatu. Onyo moja kubwa liko swali la 10, tafadhali lisome.

6. Mbona barafu ya ukwaju ni kali kwako na ya kwingine ni tamu tu?

Kwa sababu naipika kwa ukwaju wenyewe, siyo kwa unga wa rangi. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto, ukamue, uchuje mara mbili. Ubuyu vilevile. Vyote viwili ni vikavu, vinakaa miezi, kwa hiyo wakati maembe hayapo ndivyo vinavyobeba biashara.

7. Kwa nini barafu nikiinyonya inabaki nyeupe, haina ladha?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na aliyeniuliza mara ya kwanza ni mtoto wa darasa la pili. Alisimama dirishani, akaibana barafu kati ya viganja, akang'ata kona, akavuta mara tatu. Kisha akaninyooshea: "Shikamoo mama. Mbona hii imeisha na bado ipo?"

Maji yanapoganda yanapenda kuganda yenyewe. Sukari, rangi na ladha yanasukumwa pembeni, yanabaki kama njia ndogondogo za sharubati katikati ya vipande vya barafu safi. Ukivuta, sharubati ndiyo inayotoka kwanza, na unachobaki nacho ni maji yaliyoganda. Barafu iliyoganda polepole ndiyo yenye tatizo hilo zaidi, maana ladha imepata muda wa kukimbia.

Dawa yake ni tatu. Poza mchanganyiko kwenye friji kabla ya kuuingiza kwenye friza, na usizipange barafu mbichi kwa rundo, zitandaze zigande haraka. Zikishaanza kushika, zitoe, uzibonyebonye, uzirudishe. Na tumia kitu kizito: nyama ya embe, unga wa ubuyu, au kijiko cha kastadi kilichopikwa kwenye maziwa. Uzito unaizuia ladha isihame. Yule mtoto siku hizi namkatia ya ubuyu, na mpaka leo hajalalamika.

8. Kwa nini mchanganyiko ni mtamu mno kabla ya kuganda, halafu ukiganda unapooza?

Ulimi uliopoa hauonji utamu vizuri. Kwa hiyo onja kabla ya kugandisha, na kama ni tamu kwa kunywa, ongeza kidogo. Kipimo changu ni robo tatu ya kikombe cha sukari kwa lita moja ya juisi. Embe lililoiva sana halihitaji kiasi hicho.

## Usafi na afya

9. Si ikishaganda vijidudu vinakufa?

Hapana. Naomba kila anayesoma ukurasa huu aondoke na hili hata kama atasahau mengine. Baridi inavilaza vijidudu, haiviui. Vijidudu vya taifodi na kipindupindu vikiingia kwenye maji, vinaweza kuganda nayo na kuamka tumboni mwako. Barafu ni salama kwa kadiri maji yake yalivyokuwa salama kabla ya kuingia friza.

Maji yangu nayachemsha hadi yatokote kwelikweli, nayaacha yaendelee kutokota kwa dakika kadhaa, nayapoza kwenye sufuria iliyofunikwa. Maziwa ya kutoka kijijini nayachemsha hivyo hivyo, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na magonjwa mengine ya ng'ombe. Hata kama maji ya bomba ni meupe, ndoo uliyokingia na mkono uliochotea ndivyo vinavyoharibu.

Na kifuko chenyewe: kimeshikwa na muuzaji, kimeshika sarafu, kimelala ndani ya deli na vingine hamsini. Halafu wewe unakitia mdomoni na kung'ata kona. Kisuuze kwa maji safi kwanza, au kata kwa mkasi. Mimi nina mkasi umefungwa kwa kamba dirishani, na watoto wameuzoea.

Mabonge ya barafu yanayotumika kupozea soda sokoni usiyatie kwenye glasi. Hayakutengenezwa kwa ajili ya kuliwa.

10. Mtoto wa umri gani anaweza kupewa?

Mtoto aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee. Anayeanza kula anaweza kulambishwa kidogo ya matunda iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa, bila sukari nyingi, na usimpe bonge gumu linaloweza kumkaba.

Barafu yenye asali, asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga na kumlegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuchemsha jikoni hakuziui mbegu hizo, wala kugandisha. Najua bibi zetu walikuwa wanatulambisha. Mimi nikiona mama amebeba mtoto mchanga, namwuliza kabla ya kumuuzia.

11. Barafu inaleta mafua?

Mafua yanaletwa na virusi, unavipata kwa mtu mwingine. Kwa mwenye kidonda cha koo, kitu baridi kinaweza hata kumpunguzia maumivu. Lakini watoto watatu wakinyonya barafu moja kwa zamu, wanapeana mafua, na lawama inaangukia barafu. Mpe kila mmoja yake.

Kile kichwa kinachogonga ghafla kwenye paji la uso unapokula haraka ni kingine: kaakaa limepoa kwa ghafla, mishipa ya damu ya hapo inajibana na kutanuka, na maumivu unayasikia kichwani. Bandika ulimi juu ya kaakaa mpaka lipate joto. Kitapita baada ya muda mfupi.

12. Nina hamu ya kutafuna barafu tupu kila siku, hata usiku. Ni kawaida?

Siyo hamu ya joto hiyo. Kupenda kutafuna barafu tupu bila kukoma mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, hasa kwa wajawazito, kama ilivyo kwa wale wanaotamani udongo. Nenda kapime damu. Wateja wawili niliwaambia hivyo, mmoja alikuwa mjamzito. Sikuwauzia mabonge siku ile, nikawaomba waende kliniki kwanza.

Mwenye kisukari naye asidanganywe na neno "juisi ya asili". Embe lina sukari, asali ni sukari. Ale kidogo, baada ya chakula, na kwa maelekezo ya anayemtibu. Barafu ya mtindi isiyotiwa sukari inamfaa zaidi, na hata yule ambaye maziwa ya kawaida humjaza tumbo gesi mara nyingi mtindi humkalia vizuri.

## Kutengeneza nyumbani

13. Nifanyeje isiwe ngumu kama jiwe?

Maji matupu huganda kwenye sifuri. Ukiyeyusha kitu ndani yake, yanahitaji baridi zaidi ili yagande, na sehemu fulani inabaki haijashika. Sukari inafanya hivyo, na asali inafanya zaidi, kwa sababu sukari zake nyingi ni za chembe ndogo na kwa uzito uleule zinakuwa nyingi kwa hesabu. Ndiyo sababu barafu ya asali inang'atika. Mafuta ya maziwa na hewa vinasaidia pia: toa bakuli kila nusu saa, piga kwa uma, rudisha, mara tatu au nne. Ukizidisha sukari au asali, haitaganda kabisa. Itabaki uji baridi.

14. Sina friza. Naweza kutengeneza aiskrimu?

Unaweza, na watoto watakushangilia. Unahitaji barafu za mabonge, chumvi ya mawe, ndoo, na sufuria ndogo ya alumini yenye mfuniko.

Pondaponda mabonge. Tia kwenye ndoo sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi, kwa tabaka, na katikati didimiza ile sufuria yenye maziwa yaliyochemshwa, yakapoa, yakatiwa sukari na hiliki. Maji yenye chumvi hayapaswi kuvuka mdomo wa sufuria. Izungushe kwa mpini huku na huku, na kila baada ya dakika tano fungua ukwangue pembeni kwa mwiko, maana hapo ndipo inapoanza kushika. Nusu saa, au zaidi kidogo, utakuwa na aiskrimu. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na barafu ikiyeyuka inanyang'anya joto kila kilicho karibu. Mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi nyuzi 21 hivi chini ya sifuri, baridi kuliko friza ya nyumbani. Usiuguse kwa mkono mtupu, unaunguza ngozi.

Mimi natumia chumvi ya Uvinza. Imekuwa ikipikwa kwenye chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara iliibeba kupita hapa kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Napata raha kuiona ikifanya kazi hii mpya.

15. Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku?

Iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea, ile rambo. Vifuko vya kufungia chakula ni vifungashio, navyo vinatakiwa kukidhi viwango vya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kwa hiyo nunua vya duka linaloeleweka, na usimfungie mteja barafu tano kwenye rambo. Pembeni ya dirisha weka ndoo ya kutupia. Yangu inajaa kila siku ikifika saa kumi, na hayo yote yangekuwa mtaroni.

## Umeme, biashara na safari

16. Umeme ukikatika nifanye nini?

Usifungue friza. Friza iliyojaa na kufungwa vizuri inashika baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Kwa hiyo nafasi ikiwa tupu, jaza chupa za maji. Na hakikisha kwanza si umeme wako wa Luku, ule wa kulipia kabla, ulioisha.

17. Zikiyeyuka naweza kuzigandisha tena?

Za ukwaju na ubuyu, kama bado zina barafu ndani na ni baridi kabisa, ndiyo, ingawa zitakuwa na chenga kubwa. Za maziwa, hapana.

Oktoba moja umeme ulikatika saa tano asubuhi, ukarudi jioni. Nilikuwa nimefungua friza mara kwa mara kuuza, na za maziwa zikalainika. Nilihesabu hasara, moyo ukaniuma, nikazigandisha. Kesho yake nikauza. Watoto wawili wa jirani waliharisha usiku kucha. Mama yao hakunigombeza, alikuja asubuhi akaniuliza tu, "Dada, zile za maziwa ulizitengeneza lini?" Nilimwambia ukweli, tukaenda pamoja zahanati, gharama nikalipa mimi. Watoto walipona. Tangu siku hiyo za maziwa zikilainika namwaga, hata ziwe mia.

18. Nataka kuanza biashara. Ninunue friza gani?

Ya kulala, yenye mfuniko juu. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua friza ya kusimama inamwagika miguuni, ya kulala inabaki ndani. Anza na ladha mbili tu, moja ya maji na moja ya maziwa. Usianze Juni. Anza Agosti mwishoni, joto likipanda uwe umeshajua sukari yako na wateja wako. Usafi umeelezwa swali la 9, na humo hamna njia ya mkato.

19. Naweza kumpelekea ndugu yangu barafu Kigoma kwa treni?

Ni kilomita 400 hivi na mara nyingi ni usiku mzima njiani, wakati mwingine zaidi. Bonge moja kubwa linakaa kuliko vipande vingi, kwa sababu joto linaingilia juu ya ngozi yake, na vipande vingi vina ngozi nyingi. Zipange zikiwa zimegusana, uzizungushie magazeti, kisha ujaze pumba za mpunga kavu pande zote za deli, na usifungue njiani kumwonjesha jirani wa siti. Za maji zinaweza kufika zikiwa nusu. Za maziwa usithubutu.

Mdogo wangu yuko Kigoma. Nilijaribu mara mbili, mara ya pili alipokea deli la sharubati ya embe. Siku hizi namtumia asali kwenye chupa na ubuyu kwenye karatasi, anagandisha mwenyewe kule kule, na treni ikigeuza ananirudishia samaki wakavu wa migebuka.